Swichi ya Limuru: jinsi runinga nne zilivyozimwa Kenya mwaka 2018

Jumanne, Januari 30, 2018, muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi, skrini za Citizen TV, Inooro TV, NTV na KTN News ziliingia giza. Ndani ya studio hakuna kilichoharibika. Taa zilikuwa zinawaka, kamera zinanasa picha, watangazaji wako kwenye viti vyao. Kilichokatika kilikuwa mbali na hapo, Limuru, kwenye vilima vya kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Maafisa wa Mamlaka ya Mawasiliano (CA) walikuwa wamefika huko wakifuatana na polisi, wakaingia kwenye kituo cha kurushia matangazo na kuzima mitambo.

Siku hiyo kinara wa upinzani, Raila Odinga, alitarajiwa kula kiapo katika bustani ya Uhuru Park kama "rais wa wananchi". Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa Agosti 8, 2017 kwa uamuzi wa Septemba 1, na upinzani ukasusia marudio ya Oktoba 26. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, alikuwa ameshaonya kwamba kiapo cha namna hiyo ni uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Joto la kisiasa, basi, lilikuwa la kweli.

Kisa hiki husimuliwa sana kama ugomvi wa Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na Raila. Wale waliokuwa wakigombana walipeana mkono Machi 9, siku 38 tu baada ya runinga kuzimwa, kwa hiyo kwa upande huo hakuna mengi ya kuchimbua. Chenye faida zaidi ni kufuata waya wenyewe, kutoka studio hadi mnara, na kutoka mnara hadi mlango wa mahakama, na kuuliza ni wapi hasa Katiba ilikatikia njiani.

Onyo kabla ya giza

Runinga hazikuzimwa ghafla bila dalili. Jumatatu, Januari 29, Chama cha Wahariri wa Kenya kilitoa taarifa kupitia mwenyekiti wake, Linus Kaikai, kikieleza kwamba baadhi ya wakuu wa vyombo vya habari walikuwa wameitwa Ikulu siku chache kabla. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, waliambiwa kwamba chombo kitakachorusha kiapo moja kwa moja kitazimwa na kunyang'anywa leseni.

Mkutano huo una uzito kuliko unavyochukuliwa. Sheria ya Kenya inampa mdhibiti, yaani CA, njia rasmi ya kumwonya mwenye leseni: barua, yenye kifungu kilichovunjwa au kinachohofiwa kuvunjwa, na muda wa kujibu. Maneno ya Ikulu hayana nambari ya kumbukumbu. Wakili hawezi kuyapeleka mahakamani yakafutwe, kwa sababu hayapo kwenye karatasi. Kila mhariri akabaki na hesabu yake moyoni, na stesheni ambazo hazikupanga kwenda Uhuru Park mubashara hazikuguswa.

Swichi iko wapi

Enzi ya analojia kila stesheni ilikuwa na masafa yake na mtambo wake. Dijitali imebadilisha mambo. Stesheni kadhaa hufungashwa pamoja katika mkondo mmoja, mkondo huo hupelekwa kwenye mnara, na ving'amuzi vya nyumbani huufungua na kumgawia mtazamaji chaneli anayoitaka. Stesheni haina gari lake tena. Ni abiria ndani ya matatu. Anayesimamisha matatu amesimamisha abiria wote, wala hana haja ya kujua nani amekaa wapi.

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na inaitazama Nairobi kwa chini, ndiyo maana minara inapenda kukaa huko. Mtambo mmoja pale unafikia mamilioni ya watu wa jiji na viunga vyake. Urahisi huo wa kihandisi ndio urahisi wa kuzima.

Hapa kuna kejeli ya kihistoria. Uhamiaji wa dijitali ulipoanza, leseni za kusambaza mawimbi zilikwenda kwa Signet, kampuni tanzu ya shirika la utangazaji la serikali, KBC, na kwa Pan African Network Group, kampuni ya Kichina. Makampuni matatu makubwa ya habari yanayomiliki runinga zile nne, Royal Media Services, Nation Media Group na Standard Group, yalikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba anayeshika usambazaji amekushika koo. Walipigana hadi Mahakama ya Juu, ambayo katika uamuzi wa Septemba 29, 2014 ilifungua njia ya wao kupata leseni yao wenyewe. Wakaunda Africa Digital Network (ADN). Hata hivyo, mitambo yao ya analojia ilipozimwa Februari 2015 kabla hawajawa tayari, runinga zao zilikaa gizani siku 19.

Kwa hiyo ilipofika Januari 2018 walikuwa na matatu yao, dereva wao na kondakta wao. Haikusaidia. Mnara ni wako, lakini masafa ni ya umma na leseni ni ya CA, na mlango wa kituo ni mlango kama mlango mwingine mbele ya polisi wenye silaha.

Linganisha na Machi 2, 2006. Polisi waliofunika nyuso waliingia usiku katika ofisi za Standard, wakazima KTN na kuchoma magazeti kiwandani. Waziri wa usalama wa wakati huo, John Michuki, hakukana. Alisema anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Uvamizi ule ulitoa picha za moshi na karatasi zilizoungua, na picha hizo zikaigharimu serikali heshima. Mwaka 2018 hakukuwa na moshi. Mtazamaji aliona giza tu, na wengi kwanza walidhani king'amuzi kimeharibika.

Sheria ilivyotaka iwe

Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinaipiga dola marufuku kudhibiti au kuingilia mtu yeyote anayerusha matangazo, na kinaizuia kumwadhibu mtu kwa maoni au maudhui aliyorusha. Leseni zinaruhusiwa, ila kwa lengo moja tu: kupanga masafa na usambazaji wa mawimbi, na anayezitoa lazima awe huru dhidi ya serikali, wanasiasa na wafanyabiashara. Kazi ya kuweka viwango vya uandishi, kwa ibara ya 5 ya kifungu hichohicho, ni ya chombo huru.

Kuna mipaka. Kifungu cha 33(2) kinataja usemi usiolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, usemi wa chuki, na kuhimiza chuki ya kikabila, kudunisha wengine au uchochezi wa kuwadhuru. Dola ikitaka kumzima mtu, inapaswa kuonyesha ni kipi kati ya hivyo kilichotokea. Saa tatu asubuhi ya Januari 30 hakuna kilichokuwa kimetokea. Mwenye kula kiapo alikuwa hajafika bustanini. Stesheni zilizimwa kwa maneno ambayo hayajasemwa.

Kisha kuna utaratibu. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 vinataka anayeathiriwa apewe taarifa mapema, asikilizwe, apewe sababu kwa maandishi na aelezwe haki yake ya kukata rufaa. Kwa mambo ya utangazaji kuna hata jopo maalumu la rufaa, lililoimarishwa na marekebisho ya 2013, lenye uwezo wa kutoza kampuni ya habari faini ya hadi shilingi milioni 20 na mwanahabari hadi shilingi 500,000. Wanahabari waliyapinga sana marekebisho hayo, na walikuwa na sababu. Lakini hata hiyo sheria waliyoiita kandamizi haikutumika. Serikali iliruka dirisha iliyojichongea yenyewe.

Ingekuwa hatari ni kubwa kiasi cha kutoweza kusubiri, Katiba ina kifungu cha 58 kuhusu hali ya hatari, nacho kina masharti yake: tangazo la Rais, muda wa siku 14, kisha Bunge. Hakuna hali ya hatari iliyotangazwa.

Amri isiyo na wa kuipokea

Siku iliyofuata, aliyejitokeza kueleza hakuwa mdhibiti bali Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i. Alisema stesheni zitabaki zimefungwa mpaka uchunguzi ukamilike, na akadai baadhi ya vyombo vya habari vimeshiriki njama ambayo ingegharimu maisha ya watu wengi. Kisheria hilo ni kukiri. Ikiwa CA ni huru, waziri wa polisi anatoa wapi mamlaka ya kusema lini runinga itarudi?

Februari 1, mwanaharakati Okiya Omtatah, ambaye baadaye alichaguliwa seneta wa Busia, alipata amri ya muda kutoka kwa Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu. Iliagiza mawimbi yarudishwe mara moja na iwe hivyo kwa siku 14, hadi kesi isikilizwe. Ombi lilipelekwa kwa cheti cha dharura na kutolewa uamuzi bila upande wa pili kuwepo, kama sheria inavyoruhusu mambo ya namna hiyo. Mpaka hapo mahakama ilifanya kazi yake kwa haraka ya kupigiwa mfano.

Kikafuata kipande ambacho watu wengi hukipita. Amri haina nguvu juu ya mtu mpaka imfikie. Omtatah alipokwenda nayo makao makuu ya CA, Waiyaki Way, alizuiwa kuingia. Fikiria hilo kwa sekunde moja: taasisi yenye kazi ya kusimamia mawasiliano ya nchi nzima ilisema, kwa vitendo, kwamba haijapata mawasiliano. Huu si ujanja wa kitoto. Asiyepokea amri anaweza kudai baadaye kwamba hakuidharau.

Hata CA ingeipokea, fimbo ya kuichapa ilikuwa fupi. Sheria ya Kudharau Mahakama ya 2016, iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilitaka ofisa mhasibu wa taasisi ya serikali apewe notisi isiyopungua siku 30 ajieleze kabla ya kuchukuliwa hatua. Siku 30, kwa runinga ambayo kila saa ikiwa gizani inapoteza habari na matangazo ya biashara. Jaji huyohuyo Mwita ndiye aliyeifuta sheria hiyo Novemba 2018, lakini kwa kisa chetu ilikuwa imeshafanya kazi yake.

NTV na KTN News zilirudi Februari 5. Citizen na Inooro zikangoja hadi Februari 8, wiki nzima baada ya amri. Katikati ya siku hizo wanahabari watatu wa NTV, Kaikai, Larry Madowo na Ken Mijungu, walilala chumba cha habari wakihofia polisi waliovaa kiraia waliokuwa wamezingira jengo, hadi Mahakama Kuu ilipozuia wasikamatwe. Wiki hiyohiyo serikali ilipuuza amri nyingine za mahakama na kumsafirisha Miguna Miguna, aliyesimama kando ya Raila kwenye kiapo, hadi Canada.

Na kiapo chenyewe? Kilichukua dakika chache mchana wa Januari 30. Vinara wenzake wa upinzani, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula, hawakutokea. Polisi walijitenga na bustani, na umati ukatawanyika pasipo umwagaji damu uliotabiriwa. Waliokuwa na bando walitazama yote kwenye YouTube na Facebook. Aliyefungiwa ni mwenye king'amuzi na simu ya kitufe, na miongoni mwao ni watazamaji wa Inooro, stesheni ya Kikikuyu ambayo hadhira yake ilikuwa kwenye ngome za Rais mwenyewe.

Hofu ya serikali

Si haki kusema hofu yote ilibuniwa. Kenya iliona katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2007 na 2008, jinsi maneno ya redioni yanavyoweza kwenda na panga mtaani. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, pamoja na William Ruto. Kesi yao ilisitishwa Aprili 2016 bila hukumu ya hatia. Mtu aliyepoteza nyumba Eldoret au Naivasha hahitaji kuelezwa kwa nini kipaza sauti kinaogopwa.

Ila angalia dawa iliyotumika wakati ule. Desemba 30, 2007, Michuki yuleyule wa nyoka alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na ghasia hazikukoma; zilipanda. Runinga ikinyamaza, uvumi unapata uwanja peke yake, siku hizo kwa ujumbe mfupi wa simu, leo kwa WhatsApp. Kama hofu ni usemi wa chuki, kuna njia ndogo kuliko kuzima: kuagiza stesheni icheleweshe matangazo kwa sekunde kadhaa ili mhariri awe na kidole kwenye kitufe, kuagiza marekebisho, kumshtaki aliyesema. Kifungu cha 24 cha Katiba kinataka hasa hilo, kwamba kabla ya kubana haki uangalie kama kuna njia isiyobana sana. Hakuna dalili kwamba mtu aliangalia.

Kisa kilivyojirudia

Machi 2023, wakati wa maandamano ya Azimio, muungano wa upinzani, CA ilizitaja stesheni sita kwa majina na kutishia leseni zao kwa jinsi zilivyorusha maandamano. Safari hii ilikuwa kwa maandishi. Shirika la Katiba Institute likaenda mahakamani, na Novemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuweka na kusimamia viwango vya habari si kazi ya CA. Ni ya Baraza la Vyombo vya Habari.

Miezi saba baadaye, Juni 25, 2025, vijana walirudi barabarani kuadhimisha mwaka mmoja tangu maandamano ya Mswada wa Fedha. Mkurugenzi Mkuu wa CA, David Mugonyi, alitoa barua kwa stesheni zote za redio na runinga akiziamuru ziache kurusha maandamano moja kwa moja. Ilitaja vifungu vya 33(2) na 34(1) vya Katiba na kifungu cha 46I cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Haikusema ni neno gani, la nani, kwenye stesheni gani, lililokuwa chuki au uchochezi. Kufikia jioni NTV, KTN na Citizen zilikuwa zimekatwa.

Lakini barua ile ilimponza mwandishi wake. Mwaka 2018 mawakili walipambana na kivuli: hakuna waraka, hakuna sahihi, ni swichi tu. Mwaka 2025 kulikuwa na karatasi yenye tarehe na jina, na juu yake uamuzi wa Novemba 2024 usiokauka wino. Chama cha Mawakili nchini (LSK) kilikwenda Mahakama Kuu, na siku hiyohiyo Jaji Mwita, kwa mara nyingine, akasimamisha agizo na kuamuru mawimbi yarudi. Kikwazo cha mlangoni pia kilikuwa kimepungua: kanuni za madai zilizorekebishwa mwaka 2020 zinaruhusu hati kufikishwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu, na ujumbe uliotumwa hauzuiwi na askari wa getini. Mawimbi yalirudi usiku. Barabara za Nairobi zilikuwa zimeshatulia.

Kwa chumba cha habari, yaliyofanya tofauti kati ya 2018 na 2025 ni vitu vidogo vinavyoandaliwa kabla. Ombi la mahakama liwe limeandikwa nusu, na pengo la tarehe na saa tu. Wakili awe na nakala ya leseni ya stesheni na ya msambazaji, kwa sababu katika dijitali hizo ni karatasi mbili tofauti, na kumshtaki asiyehusika hupoteza siku nzima. Anwani za barua pepe za CA, wizara na Mwanasheria Mkuu ziwe zimethibitishwa. Chaneli ya YouTube iwe hewani tangu alfajiri, si kuanza kutafutwa neno la siri baada ya giza. Na fundi wa zamu kule kilimani, ambaye kwa kawaida hakuna anayemkumbuka, awe na daftari na maagizo ya mistari mitatu: usizuie polisi kwa mwili wako, omba barua, na wakisema haipo, andika kwamba haipo, andika jina au nambari ya kila afisa, mtambo uliozimwa, na dakika uliyozimwa.